Sura ya Tano: Muulize Ikikatika Itakuwaje

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kwenye maji ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Dar es Salaam watu walizima simu na kuziwasha, wakachomoa laini na kuichomeka tena, wengine wakatoka uani wakiinua simu juu kana kwamba mnara umehama. Mtandao ukigoma huwa tunaishuku simu kwanza, halafu kampuni ya simu. Bahari haitujii akilini. Waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, akatoka kuueleza umma kwamba tatizo liko kwenye nyaya kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na meli ya kuzitengeneza ikabidi isafiri kutoka Cape Town.

Kwa nini waya uliokatika karibu na Durban umzuie mtu wa Sinza, Dar es Salaam, kufungua barua pepe? Kwa sababu njia ya pili, ile ya kaskazini kupitia Bahari ya Shamu, ilikuwa na jeraha lake tangu Februari. Meli ya Rubymar, iliyoshambuliwa na Wahouthi wa Yemen, ilielea huku ikiburuta nanga, na nyaya tatu zikakatika, mmojawapo ukiwa wa SEACOM. Mzigo mkubwa ukawa umehamia kusini. Kusini nako kulipokatika, nafasi ya kupita ikawa finyu mno. Kenya iliyumba pia, lakini haikuzama kama Tanzania, maana Mombasa panatua nyaya nyingi zaidi: TEAMS inayokwenda Fujairah, iliyofika mwaka 2009, PEACE iliyofika 2022, na nyinginezo.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu mabango ya barabarani hayaitaji. Bango litakuonyesha kasi, bei, na familia inayocheka kwenye kochi. Mambo yakiwa mazuri, kampuni nne zinazouza mtandao mtaani kwako zitakupa huduma ambayo wewe na mimi hatuwezi kuitofautisha. Tofauti hujitokeza siku umeme umekatika, siku tingatinga la barabara limechimbua faiba, siku nanga imeburuzwa mahali pasipotakiwa. Ushauri wangu katika sura hii yote ni mmoja: nunua mtandao ukiitazama siku hiyo.

Anayekuuzia ananunua kwa nani

Kampuni inayokuletea waya nyumbani ni muuzaji wa rejareja. Nyuma yake kuna wa jumla, na nyuma ya wa jumla kuna wenye nyaya za baharini. Tanzania katikati hapo kuna pia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao makampuni mengi hupitisha data zao juu yake kufika mikoani. Mtu wa Mbeya akisema faiba yake ni ya kampuni fulani, ukweli ni kwamba data yake imesafiri mamia ya kilomita juu ya waya wa mtu mwingine kabla ya kuuona mji wa Dar es Salaam.

Wenye umri wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya SEACOM kuwashwa Julai 2009. Mtandao wetu wa nje ulipitia setilaiti zilizo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ardhi. Swali lako lilipanda na kushuka, jibu nalo likapanda na kushuka, na safari hiyo pekee ilimaliza karibu nusu sekunde hata kabla mashine ya upande wa pili haijaanza kufikiri. Internet café ya enzi hizo ilikuwa mahali pa kujifunza subira.

Kichekesho zaidi kilikuwa Nairobi. Hadi mwaka 2000, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, wote wakiwa mji mmoja, ilipandishwa setilaiti, ikateremka ng'ambo, ikarudishwa kwa setilaiti nyingine. Makampuni yakakubaliana kuunganisha mitambo yao mahali pamoja hapo hapo mjini, yakaanzisha kituo cha KIXP Novemba mwaka huo. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na mdhibiti akaamuru kituo kifungwe kikiwa hakijatimiza hata mwezi. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Dar es Salaam ikapata kituo chake, TIX, mwaka 2004.

Vituo hivi havitangazwi redioni, lakini vinabeba sehemu kubwa ya raha ya mtandao wako. Google na Netflix huweka mashine zao karibu na wateja, kwenye vituo kama hivi au ndani ya jengo la mtoa huduma mwenyewe, na video inayotazamwa sana hutoka hapo badala ya kuvuka bahari. Ndiyo maana nyaya zikikatika utamsikia jirani mmoja akisema mtandao upo na mwingine akisema haupo, na wote wawili wanasema kweli: huyu anaangalia wimbo uliohifadhiwa hapa nchini, yule anajaribu kuingia kwenye mfumo wa ofisi uliopo Ireland.

Kijana anayegawa vipeperushi chini ya mwavuli hatajua kampuni yake inapitia nyaya gani, na si haki kumbana. Kwa nyumbani usijisumbue sana na hili. Lakini kama unanunua kwa ajili ya ofisi, andika barua pepe kwa kitengo cha biashara uulize mambo mawili: data yangu inatoka nchini kwa njia ngapi, na njia hizo zinaelekea upande gani? Kampuni yenye njia moja ya kusini na nyingine ya kaskazini itakujibu kwa furaha, maana imezilipia fedha nyingi. Yenye njia moja itakuletea maelezo marefu kuhusu ubora.

Tahadhari moja hapa. Nyaya mbili zenye majina tofauti si lazima ziwe njia mbili. EASSy na SEACOM zina wamiliki tofauti, na bado zilikatika siku moja, eneo moja.

Kutoka nguzoni hadi sebuleni

Turudi nchi kavu, kwenye kipande kifupi kinacholeta ugomvi mwingi zaidi.

Faiba ikifika mtaani kwako, kuna chaguo moja tu la kweli: ichukue. Sababu yangu si kasi. Mfumo wa faiba unaotumika sana majumbani, uitwao GPON, hauna kifaa kinachohitaji umeme kati ya kituo cha kampuni na ukuta wako. Ni nyuzi za kioo na vigawanyio vya kioo. Mtaa mzima ukiwa gizani, mwanga bado unasafiri ndani ya waya, na ukiwa na betri ndogo ya kuwasha ruta yako, utaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ruta na kile kiboksi cha faiba kwa pamoja hula umeme mdogo, mara nyingi wati 10 hadi 20. Vile vi-UPS vidogo vya volti 12 vinavyouzwa madukani vinaweza kuvibeba kwa saa kadhaa. Mtu analipia kifurushi kikubwa cha mwezi halafu anaacha kununua kidude hicho, huwa simwelewi.

Linganisha na mtandao wa antena, ile ya juu ya bati inayotazama mnara. Antena yenyewe inaweza kuwa nzuri sana, na kwa mashamba, shule na hoteli zilizo mbali na barabara kuu mara nyingi ndiyo njia pekee. Lakini hesabu vituo vya umeme: ruta yako, antena yako, na mnara wenyewe. Kuna watoa huduma wadogo wa mitaani wanaorusha mtandao kutoka paa moja hadi jingine, na hapo umeme wa LUKU wa jirani ukiisha usiku wa manane, wewe ndiye unayekosa mechi. Uliza pia juu ya miti. Mwembe ulio mfupi mwaka huu utakuwa umeziba njia ya antena mvua mbili tatu zijazo.

Faiba nayo ina siri yake, na siri hiyo ni kugawana. Waya mmoja kutoka kituoni hubeba takribani megabiti 2,488 kwa sekunde na hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Piga hesabu: nyumba 64 zikitumia zote kwa wakati mmoja, kila moja inapata chini kidogo ya megabiti 39. Watu hawatumii wote kwa pamoja, na kampuni inajua, ndiyo maana inaweza kuwauzia wote 64 kifurushi cha megabiti 100 bila kulala na wasiwasi. Hakuna udanganyifu hapo. Daladala nazo hazijengwi kwa kudhani abiria wote wa jiji watasafiri dakika moja. Udanganyifu huanza pale kampuni inapoendelea kuunganisha wateja na haiongezi njia ya kutoka kituoni kwenda duniani. Dalili yake ni saa. Saa nne asubuhi kila kitu kinakwenda. Kuanzia saa mbili usiku picha inaganda, na ikifika saa sita inarudi yenyewe. Ukiona hivyo, kununua kifurushi kikubwa zaidi kwa kampuni ile ile kunaweza kusibadilishe kitu. Foleni iko mbele ya mlango wa wote.

Mtandao wa ruta ya 4G au 5G una tabia hiyo hiyo, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu mnara hauwatumikii wenye ruta peke yao. Kila simu inayopita barabarani inakula kwenye sahani hiyo. Kwa mtu anayehama nyumba mara kwa mara, au mwenye fremu ya duka asiyejua kama mwenye nyumba atamwongezea mkataba, ruta ya 5G ina faida kubwa: unaibeba tu. Lakini usiinunue kwa kuamini jaribio lililofanyiwa kwenye duka la kampuni. Mwombe mtu mwenye laini ya kampuni hiyo aje kwako usiku, akae chumba utakachoweka ruta, apime.

Kisha kuna dishi la Starlink. Setilaiti zake huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, kwa hiyo ule uchovu wa zamani wa kilomita 36,000 haupo. Iliingia Kenya Julai 2023, na kwa mfugaji wa Laikipia au kliniki ya Turkana ni ukombozi, hilo silipingi. Ninachopinga ni mtu wa Kilimani, Nairobi, mwenye faiba tatu kwenye nguzo iliyo mbele ya geti lake, kupanda paa kufunga dishi kwa sababu ni la kisasa. Anga nalo linajaa. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha. Dishi pia linakula umeme mara kadhaa zaidi ya ruta ya faiba, jambo linalouma ukiwa unategemea sola. Na kabla ya kuletewa dishi na ndugu kutoka nchi jirani, hakikisha huduma hiyo ina leseni nchini kwako.

Namba za kwenye bango

Hapa nitapita haraka, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza muda mwingi bila faida.

Kasi huuzwa kwa megabiti, lakini faili tunazihesabu kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha Mbps 20 kinakupa megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya GB 1 itachukua karibu dakika saba hata mambo yakienda vizuri. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 kwa picha ya Full HD na 15 kwa ile ya 4K. Mkutano wa video wa Zoom unahitaji chini ya Mbps 4. Nyumba ya watu watano, televisheni moja, watoto wawili wenye simu na mmoja anayefanya kazi kutoka nyumbani, itaishi vizuri na Mbps 20 au 30 ambazo ni za kweli. Anayekushawishi uchukue 100 anatimiza malengo yake ya mwezi.

Septemba 2024 Safaricom ilipandisha kasi ya vifurushi vyake vya faiba: wa Mbps 40 wakapewa 80, wa 100 wakapewa 500. Hakuna aliyekuja kuchimba mtaro. Namba hiyo iko kwenye mashine, na inabadilishwa kwa amri ya kompyuta. Mimi nililichukulia tangazo lile kama somo la uchumi: kasi ni kitu rahisi sana kwa kampuni kukigawa. Kilicho ghali ni mafundi wa kutosha, pikipiki zao, waya wa akiba, na njia ya pili ya kutokea nchini, na hivyo hutaviona kwenye bango lolote.

Angalia namba ya kupakia pia, hasa kama kazi yako ni kutuma: mpiga picha wa harusi, mtayarishaji wa muziki, mwalimu anayefundisha kwa video. Uliza waziwazi kama kupakia ni sawa na kupakua, maana mara nyingi si sawa. Na maneno "bila kikomo" yasome pamoja na masharti ya matumizi ya haki yaliyo chini kwa herufi ndogo. Mara nyingi kikomo kipo: ukishavuka GB kadhaa, kasi inashushwa hadi mwezi uishe.

Kabla hujamlaumu mtoa huduma, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, upime. Kama kasi ni ile uliyonunua, ugomvi wako ni na kuta. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja na za Mombasa zina kuta nene za matumbawe ambazo waifai haizipendi hata kidogo, na huko ruta moja sebuleni haitafika chumbani, uwe umenunua Mbps 20 au 1,000. Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini huchoka kwenye ukuta wa kwanza, ya 2.4 GHz yanafika mbali zaidi lakini yanagombana na ruta za majirani. Dawa ni kuvuta waya hadi chumba cha ndani na kuweka kituo cha pili cha waifai hapo. Na mwambie fundi asiifunge ruta nyuma ya televisheni. Atafanya hivyo ukimwacha, kwa sababu ndipo waya unapoishia vizuri.

Mlinzi anajua

Chanzo bora cha habari kuhusu mtoa huduma ni mlinzi wa jengo. Yeye ndiye anayeandika kwenye daftari kila fundi anapoingia. Mpe salamu, kaa naye kidogo, muulize ni wa kampuni gani wanaokuja mara kwa mara, na wanakuja siku ile ile au baada ya siku nne. Majirani watakwambia kama wanaipenda kampuni. Mlinzi atakwambia tarehe.

Kisha mwulize muuzaji. Nilimsikia mama mmoja wa makamo akimhoji kijana wa mauzo mlangoni pake, na sijasikia mahojiano bora zaidi.

"Mwanangu, huu mtandao ukikatika Jumamosi usiku nampigia nani?"

"Mama, hii ni faiba, haikatiki."

"Nimesikia. Ukikatika?"

"Unapiga huduma kwa wateja, mama."

"Wanapokea Jumamosi usiku?"

Kijana akacheka, akasema atauliza ofisini. Jibu la "haikatiki" ni la mtu ambaye hajawahi kufikishiwa malalamiko, au amefundishwa asiyataje. Muuzaji anayekwambia "inakatika, hasa barabara ikichimbwa, na huku kwetu fundi huja kesho yake" anastahili kusikilizwa, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Wapangaji wa maghorofa wana tatizo la ziada: mara nyingine mwenye jengo amekubaliana na kampuni moja tu, na nyingine hazina ruhusa ya kupandisha waya. Liulize kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Ukishahamia, nguvu yako imekwisha, na wao wanajua.

Ukiwa na biashara

Mambo hubadilika mtandao unapogusa fedha. Duka la dawa la jumla Kariakoo lenye mashine ya kadi, maagizo ya WhatsApp na risiti za EFD zinazotakiwa kuifikia mamlaka ya mapato, TRA, au muuzaji wa Biashara Street Nairobi anayetoa ankara kupitia eTIMS, mfumo wa mamlaka ya mapato ya Kenya, KRA, hapimi mtandao kwa filamu. Anaupima kwa mteja aliyesimama kaunta na pochi wazi.

Kwa huyu kuna aina mbili za huduma, na tofauti ya bei inaweza kumshtua. Ya kwanza ni ile ile ya nyumbani iliyopewa jina la biashara. Ya pili ni njia yake peke yake, isiyogawanywa, yenye ahadi ya maandishi kuhusu muda wa kuwa hewani. Soma asilimia hizo ukiwa na kikokotoo. Asilimia 99 inasikika vizuri, lakini inaruhusu saa 87 na nusu hivi za kukatika kwa mwaka, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.9 inaruhusu saa nane na dakika 45 hivi. Halafu soma sentensi inayofuata, ile ya fidia. Mara nyingi utarudishiwa sehemu ya ada ya mwezi, basi. Mauzo uliyopoteza siku ya Sikukuu hayamo. Uliza pia saa zinahesabiwa tangu lini: tangu waya ulipokatika, au tangu ulipopiga simu na kupewa namba ya malalamiko? Kama ni hili la pili, piga mara moja, hata kama unajua wenzako wameshapiga.

Suala la anwani ya IP huibuka mtu anapofunga kamera. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu duniani kote na zilikwisha siku nyingi, kwa hiyo watoa huduma huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa kutazama YouTube hutagundua. Lakini ukitaka kuifikia kamera ya CCTV ya mtindo wa zamani au seva ya hesabu iliyo dukani ukiwa safarini Guangzhou, mlango haupo. Omba anwani ya IP yako mwenyewe isiyobadilika. Wengi huitoza kwa mwezi. Kamera mpya zinazopitia seva ya mtengenezaji hazina shida hiyo, kwa hiyo muulize aliyekufungia kabla ya kulipia kitu usichokihitaji.

Maoni yangu kwa biashara ndogo na za kati ni haya: badala ya kulipia njia moja ya kifahari, nunua mbili za kawaida. Faiba ya kampuni moja na ruta ya 4G ya kampuni nyingine, zote zikiingia kwenye ruta yenye uwezo wa kuhama yenyewe ya kwanza ikifa. Kwa maduka mengi gharama itakuwa ndogo kuliko njia ya peke yako, na utalala vizuri zaidi.

Kazi iko kwenye kuhakikisha kwamba hizo mbili ni mbili kweli. Faiba mbili za makampuni tofauti zilizofungwa kwenye nguzo moja zitaanguka pamoja lori likiigonga. Mnara wa 4G ulio karibu unaweza kuwa unalishwa na waya ule ule unaokulisha wewe. Toka nje, fuata waya kwa macho kutoka ukutani hadi nguzoni, na kutoka nguzoni hadi kona. Hakuna fundi anayekataa kukuonyesha ukimuuliza kwa heshima. Kama faiba ya kwanza inatokea upande wa Mtaa wa Msimbazi, tafuta ya pili inayotokea upande mwingine. Kisha, baada ya kufunga, siku isiyo na wateja wengi, chomoa waya wa kwanza kwa makusudi uone kama mashine ya kadi inaendelea. Wengi hufunga njia ya akiba na hawaijaribu, na hugundua laini yake haina salio siku ile wanapoihitaji.

Mkataba na malalamiko

Kabla ya kusaini, pata majibu ya mambo machache yasiyopendeza. Ruta ni ya nani ukiacha huduma? Kama ufungaji ni "bure", umefungwa kwa miezi mingapi? Ukihama kutoka Mikocheni kwenda Goba ambako hawajafika, unadaiwa? Notisi ya kusitisha ni siku ngapi, na inapokelewa kwa njia gani? Kampuni nyingi hukuunganisha kwa ujumbe wa WhatsApp na kukuachisha kwa barua tu.

Huduma ikiwa mbovu, andika. Simu peke yake haiachi alama. Kila mara chukua namba ya malalamiko, tarehe na saa, na picha ya kipimo cha kasi kilichopimwa kwa waya, si kwa waifai, la sivyo watakujibu kwamba tatizo ni ukuta wako. Tanzania utaratibu ni kuanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Asipokutendea haki ndipo unapeleka kwa mdhibiti wa mawasiliano, TCRA, na kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, lililoundwa kusimamia maslahi ya mtumiaji. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, nayo pia itakuuliza kwanza kama umeshawapa kampuni nafasi ya kurekebisha. Mdhibiti hatamtuma fundi kwako, lakini barua yenye nakala kwa mdhibiti hupanda ngazi ndani ya kampuni haraka kuliko simu kumi. Weka namba ya mkataba juu kabisa, orodha ya tarehe chini yake, na kitu kimoja unachotaka: ukarabati kabla ya siku fulani, fidia ya siku ulizokaa bila huduma, au kuachwa uondoke bila faini. Ukiomba vyote vitatu kwa pamoja, watachagua kilicho rahisi kwao.